Mtoto, Kijiti na Simu: Tuwafundisheje Watoto Wetu Jiografia?



Siku moja ya mapumziko tulitoka jamaa wa nyumba moja, wakubwa kwa wadogo, tukaenda kupunga upepo ufukweni, kaskazini ya mji wa Dar es Salaam. Ulipoingia wakati wa Alasiri tukatawadha, mikeka ikatandikwa, na mpwa wangu, kijana wa darasa la saba, akapewa kazi ya kutuonyesha kibla. Akatoa simu, akaiweka juu ya boneti ya gari, akaitazama, kisha akanyosha mkono kuelekea baharini. Tukaanza kuigeuza mikeka.

Bibi yake, ambaye hakupata kusoma skuli hata siku moja, akamwuliza kwa upole: "Mjukuu wangu, jua liko wapi?"

"Liko nyuma yangu, Bibi."

"Na jua la Alasiri huwa upande gani?"

"Magharibi."

"Basi mbele yako ni wapi?"

Kijana akanyamaza, maana alikwisha kuona mwenyewe kwamba alikuwa akituelekeza mashariki. Akaiondoa simu juu ya gari, akasimama nayo mchangani, na mshale ukageuka taratibu mpaka kaskazini. Kumbe dira iliyomo ndani ya simu huvutwa na chuma kama dira nyingine yoyote. Tukasali, alhamdulillahi, lakini jambo lile halikunitoka moyoni. Kijana yule hupata alama nzuri sana katika jiografia. Ajua kwamba Kilimanjaro una mita 5,895, na kwamba ziwa la Tanganyika ndilo lenye kina kikubwa kupita maziwa yote ya Afrika. Lakini alikuwa amesimama juu ya ardhi ya nchi yake, mchana kweupe, asijue mbele yake ni wapi.

Kosa hili si la kijana peke yake. Sisi wazazi na waalimu tumemfundisha dunia iliyo ndani ya karatasi, kisha tukampa simu yenye dunia nyingine ndani ya kioo, na dunia yenyewe aliyoiumba Mwenyezi Mungu tukaiacha mlangoni. Shauri letu katika makala haya ni moja: kila linalosemwa na kitabu liende likaonekane nje, na kila linalosemwa na chombo lipimwe kwa jicho na akili. Akilelewa hivyo, mtoto atanufaika na kitabu na simu pia. Asipolelewa hivyo, vyote viwili vyaweza kumpoteza.

WAZEE WETU WALIJIFUNZA NJE

Kurani Tukufu yatuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi na tutazame, tuzifikiri mbingu na milima, na tujue kwamba nyota zimewekwa ziwe mwongozo wa wasafiri. Wanavyuoni wa zamani hawakuyasoma maneno hayo kwa ndimi tu.

Mtazameni Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 katika nchi ya Khwarazm. Alitaka kujua ukubwa wa dunia. Akaenda mpaka ngome ya Nandana, ambayo leo imo katika nchi ya Pakistan, akaupima urefu wa mlima kutoka bondeni. Kisha akapanda kileleni, akapima jinsi upeo wa macho unavyoinama chini ya usawa wa jicho lake. Kwa mlima mmoja, chombo cha kupimia pembe na hesabu, akapata kipimo cha dunia kilicho karibu sana na hiki tunachokijua leo.

Naye al-Idrisi aliikamilisha ramani yake ya dunia mwaka 1154 katika mji wa Palermo, akiwa kwa mfalme Roger wa Pili, akaichora kusini ikiwa juu na kaskazini chini. Mwonyesheni mtoto ramani hiyo apate kufahamu kwamba kuiweka kaskazini juu ni desturi ya wachoraji tu. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 aliyezaliwa Julfar katika Ghuba, aliandika juu ya njia za bahari mpaka pwani yetu hii. Mabaharia wa zama zake walipima kimo cha nyota kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Kibao kile ndicho kilichokuwa teknolojia yao, nao walijua kukitumia kwa sababu walizijua nyota kwanza.

Basi asije mtu akasema kwamba vyombo ni adui wa elimu, wala asije mwingine akasema kwamba vyombo ndiyo elimu.

SOMO LA KIVULI

Tuanze na chombo kisicho na bei. Chukueni kijiti kilichonyoka chenye urefu wa mita 1, mkisimamishe wima uwanjani mahali penye jua. Chora duara kukizunguka, kijiti kikiwa katikati. Asubuhi kivuli ni kirefu, na ncha yake iko nje ya duara. Kitafupika mpaka ncha iguse mstari wa duara, na hapo mtoto aweke kijiwe. Baada ya adhuhuri kivuli kitarefuka tena, na ncha ikigusa duara mara ya pili aweke kijiwe kingine. Mstari unaounganisha vijiwe hivyo viwili waenda mashariki na magharibi. Hapo mtoto amepata pande nne za dunia bila ya kuuliza mtu.

Sasa aitoe simu, aiweke mbali na chuma, na alinganishe. Zikipatana, ameithibitisha simu. Zikihitilafiana, na atafute sababu, kwani katika kuitafuta ndimo mna somo.

Asiishie siku moja. Kwa mwenye kukaa Dar es Salaam, kivuli cha adhuhuri cha kijiti cha mita 1 huanguka kusini mwezi wa Juni, nacho huwa na urefu wa sentimita 58 hivi. Mwezi wa Disemba huanguka kaskazini, sentimita 30 hivi. Na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu ya tarehe 10 Oktoba, jua hupita utosini na kivuli hukaribia kutoweka kabisa. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake hatahitaji kukariri kwamba jua huenda mpaka Tropiki ya Kansa na kurudi Tropiki ya Kaprikoni. Amelifuata mwenyewe kwa vijiwe vyake.

Liko somo jingine la kivuli ambalo kila nyumba ya Kiislamu yapasa kulijua. Tarehe 27 au 28 Mei, na tena tarehe 15 au 16 Julai, jua husimama juu ya mji wa Makka wakati wa adhuhuri, na Kaaba haina kivuli. Saa za Makka ni sawa na saa zetu za Afrika ya Mashariki. Basi siku hizo, saa sita na dakika 18 mchana katika Mei, au saa sita na dakika 27 katika Julai, tazameni kijiti chenu. Kivuli kitakuwa kimeelekea upande ulio kinyume kabisa na kibla. Geukeni mlitazame shina la kijiti kutoka kwenye ncha ya kivuli, nanyi mmeielekea Makka, bila ya dira wala simu.

Kisha mwulizeni mtoto: "Kwa nini sisi wa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam twaelekea karibu kaskazini kamili?" Afungue ramani. Ataona kwamba Makka iko katika longitudo ya nyuzi 39 na kitu mashariki, na miji yetu hii pia imo katika nyuzi 39. Kutoka Dar es Salaam mpaka Makka ni zaidi ya kilomita 3,100, karibu zote za kwenda kaskazini. Lakini ndugu zetu wa Kigoma, walio mbali upande wa magharibi, hupinda nyuzi 20 hivi kuelekea mashariki, na jamaa zetu walioko Maskati huelekea magharibi. Mtoto akilifahamu hilo, longitudo na latitudo zitakuwa zimemwingia moyoni, maana zimemfikia kwa njia ya sala yake.

SOMO LA JAMAA WAWILI

Simu twaitumia sana kwa kusalimiana. Nawapa sasa njia ya kuitumia kwa kuipima dunia.

Karibu ya tarehe 21 Machi na tarehe 23 Septemba, usiku na mchana hulingana, na jua huwa juu ya mstari wa ikweta. Tuseme mna jamaa Mombasa na jamaa Mtwara, na watoto wa nyumba hizo mbili wakasimamisha vijiti vya mita 1 siku hiyo moja. Kila mmoja apime kivuli kifupi kuliko vyote, kisha wapelekeane habari kwa simu. Wa Mombasa atapata sentimita 7 hivi. Wa Mtwara atapata sentimita 18 hivi. Jua ni lile lile na vijiti ni sawa, mbona vivuli vimehitilafiana?

Kwa sababu dunia ni mviringo. Wachore vijiti na vivuli vyao karatasini kwa kipimo kidogo, wapime pembe kwa kipimapembe. Mombasa watapata nyuzi 4, na Mtwara nyuzi 10 na kidogo. Tofauti yao ni nyuzi 6 hivi. Sasa wapime katika ramani umbali wa kutoka usawa wa Mombasa kushuka kusini mpaka usawa wa Mtwara: ni kilomita 690 hivi. Duara zima lina nyuzi 360, nazo ni sita mara 60. Basi wazidishe 690 kwa 60, watapata kilomita 41,400. Wataalamu husema mzunguko wa dunia ni kilomita 40,000 hivi. Watoto wawili wenye vijiti na simu za wazazi wao wamekosea kidogo tu! Hii ni kazi ya jamaa moja na al-Biruni, na imefanywa baina ya binamu wawili.

Kisha kila mmoja afungue simu yake aone latitudo ya mahali aliposimama, ailinganishe na pembe ya kivuli chake. Hapo ndipo pa kumweleza jinsi simu inavyojua. Ziko setilaiti zinazozunguka juu yetu kiasi cha kilomita 20,200 kutoka ardhini, nazo hutuma habari za wakati bila ya kukoma. Simu huzipokea kutoka setilaiti nne au zaidi, hulinganisha wakati uliotumika njiani, na kwa hesabu hiyo hujua mahali ilipo. Kazi hiyo haihitaji bando, kwani simu yapokea tu. Kinachohitaji bando ni ile picha ya ramani, nayo yaweza kuwekwa simuni kabla ya safari.

SOMO LA BAHARI NA MWEZI

Sisi wa pwani tumepewa skuli nyingine, nayo ni maji kupwa na kujaa. Kila nyumba yetu yahesabu miezi ya Kiislamu, lakini ni watoto wangapi wanaojua kwamba hesabu ile yaeleza pia hali ya bahari? Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu katikati ya mwezi, hufuata maji ya bamvua. Bahari hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu tofauti baina ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi unapokuwa nusu, huwa maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Wakulima wa mwani wa Unguja na Pemba hupanga kazi zao kwa bamvua, na wavuvi vivyo hivyo.

Mchukueni mtoto, pamoja na mtu mzima anayeijua bahari, mpaka kwenye nguzo ya gati au ukuta wa bandari. Apige picha ya usawa wa maji kwa simu, mahali pale pale na saa ile ile, kila siku kwa muda wa mwezi mmoja, na aandike tarehe ya Kiislamu chini ya kila picha. Mwisho wa mwezi azipange picha zote kwa mfululizo. Ataona bahari ikipumua kwa kufuata mwezi. Ataona pia kwamba kujaa kwa leo huchelewa kwa dakika 50 hivi kupita kujaa kwa jana, na atataka kujua sababu. Hapo mpelekeni kwa babu mvuvi kwanza, kisha kwa kitabu.

SOMO LA RAMANI YA MTAA

Jiografia ya mtaa ni jambo la uhai na mauti. Mvua za Disemba 2011 zilileta mafuriko Dar es Salaam, na watu wapatao 40 wakafariki. Walioishi katika mabonde kama la Msimbazi ndio waliopata mashaka makubwa. Tangu mwaka 2015, kwa mradi ulioitwa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walitembea kwa miguu katika kata zinazofurika, simu mkononi. Waliandika mahali ilipo kila mifereji, vijia, nyumba na madaraja, wakayatia katika ramani ya wazi ambayo mtu yeyote aweza kuitumia bila ya malipo. Mitaa mingi iliyokuwa tupu katika ramani ikapata kujulikana.

Watoto wetu waweza kufanya hivyo kwa mtaa wao. Wachore kwanza kwa mkono: msikiti, kisima, mfereji, mahali palipoinuka na mahali panapotuama maji. Baadaye wafungue ramani ya simu, waone ipi imesahau nini. Wapime na mvua. Chupa pana yenye kingo wima, iliyowekwa mahali pa wazi, yatosha, na rula ndiyo kipimo. Kila milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita mraba. Basi paa la mita 10 kwa 6, mvua ikinyesha milimita 20, humwaga lita 1,200, yaani madumu 60 ya lita 20. Paa moja tu! Mtoto na ahesabu mapaa ya mtaa, kisha autazame mfereji ulioziba takataka. Hapo hatahitaji kuambiwa kwa nini haifai kutupa taka ndani yake.

ELIMU ILIYOOKOA ROHO

Tarehe 26 Disemba 2004, tetemeko kubwa karibu na kisiwa cha Sumatra liliinua mawimbi ya tsunami yaliyoua zaidi ya watu 200,000. Hata pwani yetu haikusalimika: yalifika Somalia, Kenya na Tanzania, na watu wakafa. Siku ile, katika ufuko mmoja wa Phuket nchini Thailand, alikuwako msichana wa Kiingereza wa miaka 10, jina lake Tilly Smith. Wiki mbili kabla yake mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewaeleza dalili za tsunami. Alipoiona bahari ikitoa povu na kwenda kinyume cha desturi yake, akawasihi wazazi wake, ufuko ukaondolewa watu, na wapatao 100 wakaokoka. Kitabu kilikuwa kimemfundisha, na macho yake yalikuwa wazi.

Na kipo kisiwa cha Waislamu, Simeulue, karibu sana na mahali lilipotokea tetemeko lenyewe. Mwaka 1907 kiliwahi kupigwa na mawimbi kama hayo. Tangu hapo wazee waliwasimulia wajukuu kwamba ardhi ikitetemeka kwa nguvu na bahari ikarudi nyuma, kimbilieni vilimani, msiulize. Mwaka 2004 kisiwa kilikuwa na watu wapatao 78,000. Wakakimbia, na waliokufa kwa mawimbi walikuwa 7 tu. Mwalimu wao alikuwa bibi na babu, na darasa lao lilikuwa baraza ya nyumba.

Ndugu zangu, hebu tujiulize: bibi na babu wa nyumba zetu wanajua nini juu ya bahari, pepo za kaskazi na kusi, na mabonde ya kwetu, ambayo wajukuu hawajawahi kuwauliza kwa sababu macho yao yako katika kioo cha simu?

ADABU ZA SIMU NA MATEMBEZI

Najua baadhi ya wazazi watasema kwamba simu imewaharibu watoto. Hofu yao si ya bure. Kwa hiyo simu ya somo na iwe ya mzazi, itoke kwa kazi maalumu na irudi kazi ikiisha. Mtoto asitangaze kwa watu asiowajua mahali nyumba yao ilipo, wala asipige picha za watu bila ya idhini yao. Asiende baharini wala bondeni peke yake, na jua asilitazame kwa macho matupu kamwe. Kivuli kitamwambia yote anayotaka kuyajua.

Wala matembezi haya yasiwe ya wavulana tu. Kutafuta elimu ni wajibu wa Mwislamu mwanamume na mwanamke. Binti atakayejua bamvua, mvua na mafuriko ndiye mama atakayewaongoza watoto wake siku ya hatari.

Mwaweza kuanza Ijumaa hii baada ya sala, kwa kijiti kimoja na vijiwe viwili. Yule mpwa wangu alianza wiki ile ile. Alikisimamisha kijiti chake nyuma ya nyumba, na bibi yake akaketi kitini kivulini akimtazama. Alipoweka kijiwe cha pili na kuchora mstari wake, alisimama juu yake, akanyosha mkono upande wa kaskazini, akamwuliza bibi kama amepata. Simu ilikuwa mfukoni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azifungue akili za watoto wetu wapate kuzijua ishara zake katika mbingu na ardhi, na atujaalie sisi wazazi tuwe waalimu wema majumbani mwetu. Amin.